Seva ya MySQL Inapokataa Nenosiri Lako

Mtu akinipigia simu na kusema kwamba hifadhidata imekataa nenosiri, jambo la kwanza ninalomwomba ni kwamba asibadilishe chochote mpaka anisomee ujumbe wa kosa jinsi ulivyo kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu. Seva ya MySQL, yaani programu inayotunza hifadhidata na kujibu maombi ya programu nyingine, ina namba yake kwa kila aina ya kukataliwa, na namba hiyo hueleza mengi kuliko maneno yanayoifuata. Nimekwisha kuona nenosiri lisilo na kasoro likibadilishwa mara tatu kwa siku moja, na kila badiliko likasimamisha programu nyingine ambayo asubuhi ilikuwa ikifanya kazi vizuri, ilhali chanzo cha tatizo kilikuwa mahali pengine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unaitafuta sababu. Unahusu MySQL kuanzia toleo la 5.7, pamoja na MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, pale inapotajwa.

Ombi halikufika kwenye seva: 2002 na 2003

Namba zinazoanzia 2000 hutolewa na programu ya upande wa mtumiaji, wala si seva. Kosa 2002 kwenye Linux lina maana kwamba programu imelitafuta faili la soketi, yaani mlango wa kuzungumza na seva bila kupita kwenye mtandao, kwenye kompyuta ileile na haikuweza kuunganishwa kupitia faili hilo. Mara nyingi seva yenyewe imezimika, au faili la soketi liko kwenye folda tofauti na ile inayotajwa katika mipangilio. Kosa 2003 ni la mtandao. Likifuatwa na namba 111 kwenye mabano, muunganisho umekataliwa papo hapo, yaani hakuna kinachosikiliza kwenye poti 3306, namba ya mlango wa mtandao ambao MySQL hutumia kwa kawaida, ya anwani hiyo. Likifuatwa na 110, ombi limesubiri hadi muda ukaisha, na hapo ukuta wa moto (firewall) ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Katika vifurushi vya Ubuntu na Debian, mpangilio wa `bind-address` huwa 127.0.0.1, ambao huifanya seva iwasikilize walio ndani ya kompyuta yake tu. Nenosiri halihusiki na lolote kati ya haya, kwa sababu bado halijaulizwa.

Seva imejibu, lakini imekataa kompyuta yako: 1130 na 1129

Kosa 1130 husema kwamba kompyuta unayotokea hairuhusiwi kuunganishwa. Seva imeangalia anwani yako, ikaona kwamba hakuna akaunti hata moja inayokubali watu kutoka huko, ikasitisha mazungumzo kabla ya kukuuliza jina.

Kosa 1129 linafanana nalo kwa sura, lakini sababu yake ni nyingine: kompyuta yako imezuiwa kwa kuwa ilianzisha miunganisho mingi mfululizo ambayo ilikatika kabla ya kukamilika. Kikomo chake ni `max_connect_errors`, ambacho kwa kawaida ni 100. Wasimamizi wengi hudhani kwamba 1129 hutokana na mtu kukosea nenosiri mara mia moja, nao huanza kumtafuta mhalifu. Sivyo. Nenosiri lililokosewa halihesabiwi hapa. Kinachohesabiwa ni muunganisho uliovunjika katikati ya salamu za mwanzo, kama unaosababishwa na programu ya uangalizi inayogusa poti 3306 kila dakika na kuondoka bila kuzungumza. Kizuizi huondolewa kwa `mysqladmin flush-hosts`, na katika MySQL 8.0 kwa amri hii:

`TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache;`

Programu inayogusa poti isiporekebishwa, kizuizi kitarudi.

Kosa 1045

Hili ndilo kosa linaloonekana kuliko mengine yote, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine yote. Litazame kwa karibu:

`ERROR 1045 (28000): Access denied for user 'mhasibu'@'192.168.1.41' (using password: YES)`

Mstari huu una mambo matatu ya kusomwa. La kwanza ni jina la mtumiaji, la pili ni mahali anapotokea kwa jinsi seva inavyopaona, na la tatu ni lile neno la mwisho. Likiwa `YES`, nenosiri limetumwa. Likiwa `NO`, hakuna nenosiri lililotumwa, hata kama una hakika kwamba uliliandika kwenye faili la mipangilio. Basi programu inasoma faili jingine, au jina la mpangilio limekosewa herufi. Kwa `NO`, kubadilisha nenosiri kwenye seva hakutasaidia kitu.

Kwa MySQL, mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotokea. `'mhasibu'@'localhost'` na `'mhasibu'@'192.168.1.23'` ni akaunti mbili zisizo na undugu wowote: kila moja ina nenosiri lake, ruhusa zake na muda wake wa kuisha. Anayelibadilisha nenosiri la moja hajaigusa nyingine.

Ofisi moja niliyoihudumia ilipata shida ya namna hii. Umeme ulikatika usiku, na uliporudi ruta ikawaka upya na kugawa anwani mpya, hata kompyuta ya mhasibu, ambayo kwa miezi mingi ilikuwa 192.168.1.23, ikaamkia 192.168.1.41. Akaunti yake ilikuwa imeandikwa kwa ile anwani ya zamani. Asubuhi alikataliwa kwa kosa 1045. Msimamizi akabadilisha nenosiri, akakataliwa tena. Likabadilishwa mara ya pili, hali ikawa ileile. Lililowapotosha ni kwamba hawakuona 1130, wakadhani kuwa anwani haina tatizo. Kumbe kwenye seva ileile kulikuwa na akaunti nyingine, ya programu ya ripoti, iliyoruhusiwa kutoka popote kwa alama ya `%`, na kwa hiyo kila anwani ilihesabiwa kuwa imekubalika katika hatua ya kwanza. Kukataliwa kukasogea hadi hatua ya jina na nenosiri. Tulichofanya kilikuwa amri moja:

`RENAME USER 'mhasibu'@'192.168.1.23' TO 'mhasibu'@'192.168.1.%';`

Amri hii huhamisha akaunti pamoja na nenosiri na ruhusa zake, na ndiyo maana ninaipendelea kuliko kuunda akaunti mpya, ambayo huzaliwa bila ruhusa yoyote na kumrudisha mtumiaji kwako baada ya dakika tano akiwa na kosa jingine.

Lipo pia suala la mpangilio wa akaunti. Seva inapopokea ombi, huzipanga akaunti zake kuanzia zenye mahali mahususi zaidi hadi zile pana, kisha huchukua ya kwanza inayolingana na kuishia hapo. Haijaribu ya pili, hata kama ya pili ndiyo ingefaa. Katika usakinishaji wa zamani, ule wa kabla ya 5.7, mara nyingi kulikuwa na akaunti isiyo na jina, `''@'localhost'`, na akaunti hiyo hulingana na jina lolote. Mtu mwenye akaunti `'duka'@'%'` akijaribu kuingia akiwa kwenye seva yenyewe, hupimwa kwa akaunti isiyo na jina, kwa sababu `localhost` ni mahususi zaidi kuliko `%`. Nenosiri lake ni sahihi, lakini linalinganishwa na la akaunti nyingine. Akaunti za aina hiyo zifutwe kwa `DROP USER ''@'localhost';` bila kusitasita, kwa kuwa hazina kazi ya halali katika seva inayotumiwa na watu.

Orodha kamili ya akaunti katika MySQL hupatikana hivi:

`SELECT user, host, plugin, account_locked, password_expired FROM mysql.user ORDER BY user, host;`

Kama umefanikiwa kuingia lakini mambo hayaendi ulivyotarajia, andika `SELECT USER(), CURRENT_USER();`. Jibu la kwanza ni jina ulilojitambulisha nalo, la pili ni akaunti ambayo seva imekuhesabu kuwa wewe. Majibu hayo yakitofautiana, soma la pili kwa makini, maana ruhusa zako zote zinatoka huko.

Neno `localhost` nalo lina mtego wake. Kwenye Linux, programu ikiambiwa `localhost` hupita kwenye soketi, na ikiambiwa `127.0.0.1` hupita kwenye mtandao wa ndani. Kwa kawaida seva hugeuza 127.0.0.1 kuwa `localhost` na kila kitu kikaenda sawa. Lakini mpangilio wa `skip_name_resolve` ukiwashwa, anwani haigeuzwi tena kuwa jina, na akaunti ya `'duka'@'localhost'` haitamtambua anayekuja kwa 127.0.0.1. Programu iliyokuwa ikifanya kazi jana husimama leo kwa sababu mtu aliwasha mpangilio huo ili kuharakisha miunganisho.

Nenosiri lenyewe likiwa ndilo tatizo

Baada ya kuondoa hayo yote, ndipo nenosiri huchunguzwa. Mara nyingi nenosiri lililoko kwenye seva ni sahihi, ila lile linalofika si lile lililoandikwa.

Kwenye dirisha la amri, kitufe cha nafasi baada ya `-p` hubadilisha maana nzima. Ukiandika `mysql -u duka -p Bahari77`, programu hukuuliza nenosiri upya, kisha huichukua `Bahari77` kuwa jina la hifadhidata. Utaona kosa 1044 au 1049 likitaja nenosiri lako waziwazi kana kwamba ni hifadhidata isiyokuwepo. Alama ya `$` ndani ya nukuu pacha huliwa na mfumo wa amri kabla ya kuifikia MySQL, na vivyo hivyo alama ya mshangao katika bash. Tumia nukuu moja.

Katika `.my.cnf`, faili la mipangilio la programu ya upande wa mtumiaji, adui ni alama ya `#`. Nenosiri likiandikwa `password=Bahari#77` bila nukuu, kila kilicho baada ya `#` huhesabiwa kuwa maelezo ya pembeni, na seva hupokea `Bahari` peke yake. Kosa hili ni gumu kuligundua, kwa sababu ukiliandika nenosiri kwa mkono unaingia, lakini hati ya amri (script) ya nakala rudufu ya usiku inakataliwa. Lizungushie nukuu.

Kwa wanaoendesha seva ndani ya kontena, kama zile za Docker, thamani ya `MYSQL_ROOT_PASSWORD`, yaani nenosiri la root, msimamizi mkuu wa hifadhidata, husomwa mara moja tu, pale folda ya data inapokuwa tupu na seva inaanzishwa kwa mara ya kwanza. Kama folda hiyo imehifadhiwa kutoka kontena la awali, nenosiri la zamani ndilo linaloendelea kutumika, hata ukiibadilisha thamani hiyo na kuanzisha kontena upya mara kumi.

Ikiwa nenosiri lazima libadilishwe na linatumiwa na programu kadhaa, toleo la 8.0.14 lilileta msaada mkubwa ambao nasikitika kuona haujulikani na wengi: akaunti moja inaweza kuwa na manenosiri mawili kwa wakati mmoja.

`ALTER USER 'duka'@'10.0.0.%' IDENTIFIED BY 'nenosiri jipya' RETAIN CURRENT PASSWORD;`

Programu zote zikishahamia kwenye jipya, la zamani huondolewa kwa `ALTER USER 'duka'@'10.0.0.%' DISCARD OLD PASSWORD;`. Hakuna programu inayosimama hata kwa dakika moja. Seva ikikataa nenosiri jipya kwa kosa 1819, kipo kipimo cha ugumu wa manenosiri kilichowashwa; masharti yake huonekana kwa `SHOW VARIABLES LIKE 'validate_password%';`. Tunga nenosiri linaloyatimiza, usikizime kipimo.

Kosa 1698, na root asiye na nenosiri

Kwenye Ubuntu, na kwenye MariaDB kuanzia 10.4, root wa hifadhidata hutambuliwa kwa kuwa wewe ni root wa mfumo wa uendeshaji. Ukijaribu kuingia kama root kwa nenosiri ukiwa mtumiaji wa kawaida, katika Ubuntu utapata 1698. Hapa hakuna kilichoharibika. Andika `sudo mysql` na utaingia. Ushauri wangu ni kuuacha utaratibu huo ulivyo, kwa kuwa nenosiri ambalo halipo haliwezi kuibwa, kisha uunde akaunti nyingine yenye jina lako kwa kazi za usimamizi, na nyingine tena yenye ruhusa chache kwa ajili ya programu. Programu ya biashara inayoingia kama root ni kosa hata siku ambayo inafanya kazi.

Programu haielewi namna ya utambuzi

MySQL 8.0, iliyotoka rasmi mwaka 2018, ilibadilisha namna ya kawaida ya kuhakiki nenosiri kutoka `mysql_native_password` kwenda `caching_sha2_password`. Programu za zamani hazikuifahamu namna hiyo mpya, zikaanza kutoa kosa 2059 au ujumbe kwamba seva imedai namna ya utambuzi isiyojulikana. Matoleo ya lugha ya PHP ya kabla ya 7.4 ni miongoni mwao. Wengi walitatua hili kwa kuirudisha akaunti kwenye namna ya zamani. Njia hiyo inafungwa: katika MySQL 8.4 ya mwaka 2024 namna ya zamani huwa imezimwa, na katika 9.0 imeondolewa kabisa. Dawa ya kudumu ni kuboresha maktaba (library) ambayo programu hutumia kuzungumza na seva.

Ipo dalili moja ya namna hii mpya ambayo huwachanganya hata wazoefu. Programu inafanya kazi wiki nzima, seva inawashwa upya, kisha programu inakataliwa. Msimamizi anaingia kwa akaunti ileile ili achunguze, anaingia bila shida, na baada ya hapo programu nayo inakubaliwa. Sababu ni kwamba seva huweka kumbukumbu ya muda ya manenosiri yaliyokwisha kuhakikiwa, na kumbukumbu hiyo hufutika inapozimwa. Uhakiki wa mara ya kwanza hudai njia salama: soketi, muunganisho uliosimbwa kwa TLS, au ufunguo wa umma wa seva. Programu inayotumia muunganisho usiosimbwa haiwezi kuupita uhakiki huo wa kwanza, ila msimamizi aliyeingia kwa njia salama anaijaza kumbukumbu na kuifungulia njia bila kujua. Wanaotumia Java huliona tatizo hili kama ujumbe `Public Key Retrieval is not allowed`. Washa TLS upande wa programu na tatizo litakwisha.

Nenosiri limeisha muda, akaunti imefungwa

Kosa 1862 hutokea pale nenosiri linapokuwa limeisha muda wake na programu haina uwezo wa kulibadilisha. 1820 hutokea ukiwa umeingia, lakini seva haikubali amri nyingine mpaka uweke nenosiri jipya. Matoleo ya 5.7.4 hadi 5.7.10 yalikuja na muda wa siku 360 kama mpangilio wa kawaida, na kuanzia 5.7.11 muda huo ukawa 0, yaani haliishi. Kwa akaunti za programu, ambazo hazina mtu wa kusoma onyo, ninaweka `PASSWORD EXPIRE NEVER` na kupanga siku ya kubadilisha mwenyewe.

Kosa 3118 lina maana kwamba msimamizi amefunga akaunti, nayo hufunguliwa kwa `ALTER USER ... ACCOUNT UNLOCK;`. Tangu 8.0.19 akaunti inaweza pia kujifunga yenyewe baada ya nenosiri kukosewa mara kadhaa mfululizo, iwapo iliundwa kwa masharti hayo. Kabla ya kuifungua, tafuta nani anayeendelea kutuma nenosiri la zamani.

Umeingia, lakini huruhusiwi: 1044, 1142 na 1449

Kosa 1044 ni la hifadhidata nzima na 1142 ni la jedwali. Anza na `SHOW GRANTS FOR 'duka'@'10.0.0.%';` ukitaja jina na mahali pamoja.

Ruhusa ikionekana lakini haifanyi kazi, fikiria wakati ilipotolewa. Ruhusa ya jedwali hutumika kuanzia ombi linalofuata, ya hifadhidata hutumika mtumiaji anapochagua hifadhidata upya kwa `USE`, lakini ruhusa ya seva nzima humsubiri aunganishwe upya. Programu inayoshikilia miunganisho wazi kwa siku nyingi haitaiona mpaka iwashwe tena. `FLUSH PRIVILEGES` haihitajiki baada ya `GRANT`; kazi yake ni pale mtu alipohariri majedwali ya ruhusa kwa mkono. Katika 8.0, ruhusa iliyotolewa kupitia jukumu (role), yaani kundi la ruhusa lenye jina, haifanyi kazi mpaka jukumu liwashwe kwa `SET DEFAULT ROLE`. Na katika 8.0 hiyohiyo `GRANT` haiundi tena akaunti isiyokuwepo: utapata 1410, na mara nyingi chanzo ni kwamba umekosea sehemu ya mahali.

Kosa 1449 huja baada ya kuhamia seva mpya. Mwonekano (view) au utaratibu uliohifadhiwa (stored procedure) unamtaja aliyeuunda, na akaunti yake haikuhamishwa, kwa kuwa nakala rudufu ya hifadhidata moja haibebi akaunti za watumiaji.

Nenosiri la root limesahaulika kweli

Watu wengi hukimbilia `--skip-grant-tables`, ambayo huiacha seva bila ulinzi wowote kwa muda wote inapokuwa imewashwa, na ambayo hukataa `ALTER USER` kwa kosa 1290 mpaka uandike `FLUSH PRIVILEGES` kwanza. Ipo njia iliyo salama zaidi. Zima seva, andika mstari mmoja kwenye faili ambalo mtumiaji `mysql` wa mfumo anaweza kulisoma na wengine hawawezi:

`ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri jipya';`

Kisha iwashe seva kwa `mysqld --user=mysql --init-file=` ikifuatwa na njia kamili ya faili hilo. Seva itautekeleza mstari huo inapoamka, huku ulinzi wa akaunti nyingine ukiwa mahali pake. Nenosiri likikataa kubadilika, angalia faili la kumbukumbu za makosa, kwani mara nyingi seva imenyimwa ruhusa ya kulisoma faili lako. Ukishaingia kwa nenosiri jipya, izime seva, iwashe kwa njia yake ya kawaida, na ulifute faili lile siku hiyohiyo, kwa sababu nenosiri la root limo ndani yake kwa maandishi yanayosomeka.